Uyoga wa Mnarani

Kwetu unaweza kumuuliza mwanamke umri wake, akakujibu. Unaweza kumuuliza kama mumewe hurudi nyumbani amelewa, akakujibu pia, tena kwa mifano. Lakini humuulizi anachuma uyoga wapi. Ukimuuliza, atanyoosha mkono upande wowote ulio karibu na mkono wake, atasema "kule kule tu," na kuanzia siku hiyo atakuangalia kama mtu aliyekukuta unachungulia dirishani kwake.

Kila mwanamke kijijini ana mahali pake msituni. Si pake kwa hati wala kwa uzio. Ni pake kwa sababu alionyeshwa na mama yake, na mama yake alionyeshwa na mama yake. Binti huonyeshwa akishaolewa, si kabla, kwa maelezo kwamba msichana bado ana marafiki wengi, na rafiki ana mdomo. Mimi sijaolewa. Nina shahada ya jiografia na mazingira, lakini mama aliulizia kwa watu wake na ikaonekana shahada haihesabiki.

Nilipokuwa shule ya msingi nilijaribu kumfuata. Alitoka alfajiri, kikapu kimefichwa ndani ya kitenge, nami nikatoka nyuma yake nikijificha kwenye migomba. Akapita nyuma ya kanisa, akavuka kijito, akapanda kilima, akakishuka, akazunguka shamba la mihogo la watu wasiotuhusu, akavuka tena kijito kilekile. Mwishoni akasukuma mlango wa uani, na mlango ulikuwa wa kwetu. Aligeuka akaniambia, "Umechoka, mwanangu. Kaa ule kiporo." Nilikaa nikala. Nilipomaliza, mama hakuwepo, na aliporudi kikapu kilikuwa kimejaa uyoga mpaka unamwagika, wenye udongo mweusi shinani na harufu ile ya mvua ya kwanza.

Nasimulia haya kwa sababu miaka mingi baadaye nilirudi kijijini nikiwa upande wa serikali. Au tuseme pembeni mwa serikali. Nilikuwa najitolea katika ofisi moja mjini Kasulu, na kujitolea maana yake ni kufanya kazi ya mtu anayelipwa huku ukimshukuru. Ofisi ilikuwa inasaidia vijiji kupanga matumizi ya ardhi, na zamu ya kijiji chetu ikafika. Jambo lililokuwa linawagombanisha watu lilikuwa msitu.

Msitu wetu ni wa miyombo, uko juu ya kijiji, na ni mali ya kijiji kizima, ndiyo maana kila mtu alikuwa na uhakika kwamba ni wake. Mjadala ulikuwa umeshafika hadi kwenye foleni ya mashine ya kusaga. Kulikuwa na waliosema ufungwe wote, kwa sababu chanzo cha maji kiko humo na wakata kuni wameshaanza kukikaribia. Kulikuwa na waliosema ugawiwe mashamba. Na kulikuwa na waliosema ukishaandikwa tu kwenye karatasi ya hifadhi basi umekwenda, mtakuja kupishana na askari kwenye njia ya kwenda kisimani.

Baba mdogo wangu alikuwa kiongozi wa watu wa mashamba. Si mtu mbaya. Ana watoto wengi wa kiume na shamba ambalo ukipiga chafya upande huu, jirani anajifuta upande ule. Jioni alikuwa anakuja kukaa jikoni kwetu kumchokoza mama.

"Shemeji, wanangu wakioa watalima wapi? Juu ya bati?"

"Hata bati lenyewe huna, shemeji. Una nyasi."

"Ndiyo nataka nilime nipate bati! Uyoga haujengi nyumba."

"Haujengi," mama alikubali, akimwekea bakuli mbele. "Lakini sijawahi kukuona ukiukataa."

Mpango uliopendekezwa ulikuwa na vipande vitatu. Chanzo cha maji na miteremko inayokizunguka vingefungwa kabisa, mguu wa mtu usikanyage. Kipande kingine kingekuwa cha matumizi, watu waingie kuchuma na kutundika mizinga. Kipande cha chini kando ya barabara, ambacho tayari kina mahindi, kingeamuliwa na mkutano mkuu wa kijiji. Kwa baba mdogo swali lilikuwa kipande cha chini kitapanda mlima hadi wapi. Kwa mama lilikuwa moja tu: mahali pake pataangukia upande gani wa mstari. Pakiangukia upande uliofungwa, siri aliyopewa na bibi ingeishia kwake, na siku ya kunionyesha, kama ingefika, asingekuwa na cha kunionyesha zaidi ya kibao cha marufuku.

Usiku wa kuamkia kazi sikulala vizuri kwa sababu ya salamu. Afisa tuliyekuwa tunamfuata, bwana misitu, alikuwa mwenyeji wa Tanga, na alinizidi miaka michache tu, ile michache inayotesa. Ukimwamkia shikamoo, unamzeesha. Usipomwamkia, umeota mapembe. Nilipima hoja zote mpaka jogoo, na asubuhi nilipomwona kinywa changu kikatoa zote mbili kwa pamoja: "Shikamoo mambo." Akanitazama kidogo, akajibu, "Marahaba poa." Tangu hapo tukawa tunasalimiana hivyo, na hakuna aliyejua namna ya kuacha.

Kazi yenyewe ilifanyika kwenye uwanja wa shule. Unachora ramani ya kijiji chini, kwenye vumbi, na watu wenyewe wanaijaza. Majivu ni barabara. Kitenge cha bluu kilichokunjwa ni mto. Majani ni msitu. Punje za mahindi ni nyumba, na maharage ni sehemu ambazo watu huenda kuchuma vitu. Wazee walikuwa na ramani yao, vijana yao, kina mama yao. Mimi nilipangiwa kina mama. Nilifikiria sana kama nitangaze mbele ya watu kwamba mmoja wa washiriki ni mama yangu mzazi, kwa ajili ya uwazi. Kisha nikawatazama na kuona kwamba wengi wao walikuwepo siku nimezaliwa.

Barabara zilikwenda vizuri. Nyumba zilikwenda vizuri, isipokuwa kila mmoja alitaka ya kwake iwe punje kubwa. Kisima, zahanati, kanisa, msikiti mdogo wa walimu, vyote vikapata mahali. Halafu nikashika bakuli la maharage na kuuliza, kwa sauti niliyoifanyia mazoezi: "Sasa, kina mama, uyoga mnachuma wapi?"

Kimya.

Si kimya cha kufikiri. Ni kile cha watu waliosikia mtu akivunja chombo cha wenyewe. Kuku mmoja akapita juu ya msitu wetu, akadonoa nyumba ya mwenyekiti, akaimeza. Hakuna aliyemfukuza.

"Jamani," nikasema, "hizi ndizo sehemu zitakazoachwa wazi. Msiposema, zitafungwa."

Jirani yetu akakohoa. Wazazi wake walitoka Burundi wakati wa vita, yeye amezaliwa hapa, uraia anao, na kwa uyoga ndiye mshindani mkuu wa mama tangu sijazaliwa. Wanaazimana chumvi, wanalia pamoja misibani, lakini mvua zikianza wanaangaliana kama timu mbili za daraja la kwanza. Alichukua harage moja kwa vidole viwili, akaliinua juu ya ramani, akalizungusha, akaliweka.

"Mimi nachuma mnarani."

Kabla hajanyanyuka, mama alishachukua la kwake. "Hata mimi. Mnarani."

"Mnarani," akasema mama mdogo, mke wa baba mdogo wangu.

"Mimi pia ni huko huko mnarani."

Wakapita mmoja mmoja, kwa heshima zote, kama watu wanaotoa sadaka, na kila mmoja akaweka harage lake juu ya kilima kilekile, mpaka kilima cha mnara kikawa na maharage ya kutosha kuliwa na mtu mmoja akashiba.

Sasa, kilima cha mnara nakijua. Ni kipara. Kuna mnara wa simu, uzio wa waya, kokoto nyekundu na nyasi fupi zenye hasira. Ndipo mahali pekee kijijini penye mtandao wa uhakika, kwa hiyo kila nikija nyumbani napanda huko kuangalia kama nimeitwa kwenye usaili. Nimekaa pale asubuhi, mchana na jioni, kiangazi na mvua, nikisubiri ukurasa ufunguke. Sijawahi kuitwa kwenye usaili, na sijawahi kuona uyoga.

Bwana misitu alikuja akasimama juu ya ramani yetu, akafurahi waziwazi. Wazee walikuwa wanagombana kuhusu mpaka wa zamani wa kijiji. Vijana walikuwa wamechora uwanja wa mpira mkubwa kuliko kijiji. Lakini kina mama walikuwa na jibu moja.

"Mnaona? Hawa wana umoja! Hii ndiyo faida ya kushirikisha jamii. Kina mama, mjipigie makofi ya kilo!"

Wakajipigia makofi ya kilo wakitazama chini. Akachukua kijiti, akavuta mstari. Kilima cha mnara na ubavu wake: matumizi ya kina mama. Sehemu yote ya msitu iliyobaki juu, kuanzia chanzo cha maji mpaka bondeni upande wa pili: kufungwa.

Nilisimama na bakuli langu tupu nikahesabu njia zangu. Nikisema kwamba mnarani hakuna uyoga, nimemwita mama yangu mwongo mbele ya serikali, pamoja na mama mdogo, jirani, na kwaya nzima ya kanisa. Nisiposema, nimeshiriki kufunga msitu kwa kutumia maharage. Nikamtazama mama. Alikuwa anakung'uta vumbi kwenye kitenge kwa utulivu wa mtu aliyerudi kutoka sokoni.

Jioni nilimkuta jikoni anasonga ugali wa muhogo.

"Mama. Mnarani?"

"Kwani ningesema wapi? Yule jirani kanitolea macho hivi, anasubiri tu mkono wangu unaelekea wapi."

"Lakini na yeye amesema mnarani."

"Ndiyo. Mwongo yule."

"Mama, wote mmesema mnarani."

Mwiko ukasimama. Nadhani mpaka wakati ule kila mmoja wao alikuwa ameshughulika na uongo wake tu, hakupata nafasi ya kuwasikiliza wenzake. Mama alianza kucheka polepole, halafu akacheka mpaka akakaa chini, akafuta machozi kwa ncha ya kitenge. "Kipara kile! Watu wazima wote wale!" Ndipo kicheko kikapungua, kikaisha, naye akauliza kwa sauti nyingine: "Na ule mstari aliouvuta, unapita wapi?"

Nikachukua majivu, nikamchorea sakafuni. Chanzo hapa, bonde hapa, mstari huu hapa. Alitazama kwa muda. Hakuweka kidole popote. Alirudi kwenye ugali akausonga kwa nguvu isiyohitajika, nami nikawa nimejibiwa.

"Niambie mimi peke yangu," nikasema. "Nitaongea na bwana misitu kwa siri, ausogeze mstari kidogo pale tu."

"Akiusogeza pale tu, kuna mtu atakayeshindwa kujua kuna nini pale?"

Sikuwa nimelifikiria hilo, mimi ninayefikiria kila kitu. Nilikaa na majivu mkononi nikagundua kwamba huu ugonjwa wangu sikuuokota chuoni.

Siku zilizofuata nilipata wageni. Wa kwanza alikuwa jirani. Alileta mahindi ya kuchoma, akaniamkia kwa Kiha, "Mwakeye," kwa upole wa mtu anayetaka kitu, akakaa, akasifia kuta.

"Mwanangu, ule mstari wenu. Hauwezi kusogea kidogo?"

"Kuelekea wapi, mama?"

Akapunga mkono kwa namna iliyogusa karibu nusu ya wilaya ya Kasulu. "Huko huko. Mimi sina shida. Nauliza kwa niaba ya mtu."

Kesho yake akaja mwingine, naye kwa niaba ya mtu. Mama mdogo akaja, akiangalia nyuma kama mumewe hamfuati, na mtu wake alikuwa na shida hiyohiyo. Kila mmoja alitaka mstari usogee, na hakuna aliyekuwa tayari kusema uende wapi. Nilifikiria kuyajumlisha yale maombi yote kitaalamu. Nikajaribu kwenye karatasi. Ukifuata mikono yote ilivyopungwa, mstari ulitoka msituni kabisa ukaelekea Manyovu, mpakani.

Siku ya mkutano mkuu wa kijiji uwanja ulijaa. Walikuja hadi wale ambao huja tu wakisikia kuna chakula. Mwenyekiti alifungua, bwana misitu akaeleza mpango, mimi nikashika ramani, safari hii ikiwa kwenye karatasi kubwa ya manila, na upepo ukawa unataka kuichukua. Kwenye kilima cha mnara nilikuwa nimechora uyoga kwa kalamu ya kijani. Nilikuwa nimetumia muda mwingi kuamua ni mkubwa kiasi gani.

Baba mdogo akanyoosha mkono kabla hatujamaliza.

"Mwenyekiti, mimi nashukuru wataalamu, hasa huyu wa kwetu." Watu wakacheka. "Nina hoja ndogo. Tumekuwa tukiambiwa msitu usiguswe kwa sababu kina mama wanauhitaji. Mimi nikanyamaza, nikasema haya, tuwaheshimu. Sasa kina mama wenyewe wamesema mahitaji yao yako wapi." Akanyooshea kidole uyoga wangu wa kijani. "Mnarani! Basi wabaki na mnara wao, hatuugusi. Chanzo cha maji kilindwe, nakubali, mimi pia nina kiu. Lakini bonde lote la upande wa pili, ambalo halina maji, halina mizinga, wala halina uyoga, linafungwa kwa ajili ya nani? Ya ngedere? Tugawane mashamba!"

Vijana wakapiga makelele ya kukubali. Ilikuwa hoja nzuri. Hilo ndilo lilinitisha: nilipoikagua kwa haraka haikuwa na tundu popote isipokuwa pale ilipoanzia, na ilianzia mikononi mwangu. Bwana misitu akafungua mkabrasha, akafunga. Mwenyekiti akanigeukia. "Mtaalamu, hebu tufafanulie ramani. Huko bondeni kina mama hawatumii?"

Nilifungua mdomo. Nakumbuka nilikuwa na majibu kadhaa, yote yenye utangulizi. Nilimwona mama katikati ya kina mama, ameshika kidevu, hatazami mimi, anatazama bonde. Kabla sijachagua utangulizi, jirani yetu akasimama.

"Mwenyekiti, mimi nilidanganya."

Watu wa nyuma wakasimama ili wamwone.

"Mama, kuidanganya serikali ni kosa," akasema mwenyekiti.

"Sikuidanganya serikali. Nilimdanganya huyu." Akamwonyesha mama. "Serikali ilikuwa imekaa tu karibu."

Kicheko kilichotoka pale kilimfanya bwana misitu arudi nyuma hatua. Mama akasimama naye. "Na mimi nilimdanganya yeye."

"Na mimi niliwadanganya wote wawili," akasema mwingine, na wengine wakaanza kuinuka, mmoja mmoja, kwa utaratibu uleule waliowekea maharage. Mama mdogo alikuwa wa mwisho. Baba mdogo akamtazama kama mtu aliyeibiwa mchana kweupe.

"Hata wewe?"

"Uyoga unaokula kila mvua zikianza, baba watoto, ulidhani unaota kwenye kokoto?"

Baba mdogo akakaa. Bwana misitu akaja mbele, amechanganyikiwa, lakini bado ana nia njema usoni. "Sawa, sawa. Hakuna tatizo, tutarekebisha. Kina mama, sasa semeni ukweli. Uyoga uko wapi?"

Wale wanawake wote waliokuwa wamesimama wakatazama chini kwa pamoja.

"Bwana misitu," mama akasema, "wewe umeoa?"

"Nimeoa, mama."

"Mkeo anajua mshahara wako wote?"

Wanaume walipiga kelele kuliko wanawake. Bwana misitu alijaribu kubaki na uso wa kazi, ukamshinda, akacheka mpaka akashika mkabrasha kifuani.

"Basi tumeelewana," mama akaendelea. "Hatutakuonyesha. Hata ukitufunga mnarani hatutakuonyesha. Lakini uyoga mnarani haupo, hilo sasa tumelisema. Upo chini ya hii miti, na miti ikikatwa hauoti tena. Shemeji yangu anauliza bonde linafungwa kwa ajili ya nani. Na mimi nauliza, mnapolifunga, atalilinda nani? Una askari wangapi?"

"Askari ni wachache," bwana misitu akakiri.

"Sisi mvua zikianza tuko humo wote, kabla jua halijatoka. Na hakuna anayeangalia njia yake tu. Kila mmoja anasikiliza mwenzake yuko wapi. Tawi likivunjika upande wa pili, tunasimama sote. Mtu akiingia na shoka, sisi tutajua kabla mti haujajua. Unataka mlinzi gani zaidi ya mtu anayepaficha mahali pake hata kwa ndugu yake?"

"Hata kwa binti yake," nikasema. Halikuwa jambo nililopanga kusema, na ramani ilichagua wakati huo kuniponyoka. Nilikimbizana nayo mbele ya mkutano mzima, na watoto wakanishangilia.

Niliporudi na karatasi, walikuwa wamefika kwenye pendekezo. Lilikuwa la mama na jirani, wakipokezana sentensi kama waliolala kitanda kimoja, ingawa najua hawakuwa wamezungumza. Chanzo chenyewe kifungwe, hilo halina ubishi. Mstari mwingine wote ufutwe, na badala ya kuandika mahali, waandike kitu: kikapu kiingie kote, jembe na panga na shoka vibaki nje. Anayetembea kwa miguu na kikapu asiulizwe anakwenda wapi.

Bwana misitu alisema hajawahi kuona mpango wa namna hiyo. Mwenyekiti alisema hata yeye hajawahi. Walibishana muda mrefu kama kikapu kina kipimo, maana kijana mmoja alitaka kujua kama gunia ni kikapu. Mwishowe bwana misitu akasema inaweza kuandikwa kama sheria ndogo ya kijiji, na wilaya ikiipitisha itakuwa sheria, na kama haikupitishwa tutakutana tena hapa hapa. Kipande cha chini kikaachwa kwa wanaolima tayari, bila kupanda mlima. Watu wa mashamba walinung'unika, na sisemi kwamba hawakuwa na sababu. Wana wa baba mdogo bado hawana pa kulima, na hilo hakuna kikapu kinacholitatua. Kura ilipigwa kwa mikono. Baba mdogo alikunja wake kifuani. Mama mdogo akageuza shingo akamtazama. Mkono ukapanda, si mpaka juu, kiasi cha bega.

"Uyoga umetushinda," akamwambia mama wakati watu wanatawanyika.

"Njoo ule basi, shemeji."

Wilaya ilipitisha, kwa marekebisho ya lugha. Mvua za kwanza zilinikuta nyumbani, nimekuja kwa mapumziko. Alfajiri mama alinitikisa. Alikuwa amevaa tayari, kikapu ndani ya kitenge, ingawa sasa sheria ilimruhusu kukibeba kichwani kama taji.

"Amka. Twende wote. Vaa vile viatu vyako vya kamba."

Nililala chini ya sentensi ile kama chini ya shuka zito. Twende wote! Bila ndoa, bila mchumba! Na kwa nini viatu vya kamba? Kuna mwinuko wa mawe? Kuna siafu? Nilivaa, nikafunga, nikafungua, nikafunga upya, nikitafuta jibu, na mama akasubiri mlangoni bila kunihimiza, jambo lisilo la kawaida yake.

Tulipita nyuma ya kanisa. Tulivuka kijito. Njia ilikuwa inajulikana lakini mwisho wake haukuwa jikoni kwetu. Miyombo ilikuwa imetoa majani mapya mekundu, ardhi imelainika, na nilikuwa nimeshaanza kunusa kitu, pale njia ilipokata kona na tukakutana uso kwa uso na jirani.

Alikuwa na kikapu ndani ya kitenge.

"Mwakeye," akasema.

"Mwakeye," mama akajibu. "Umeamka mapema."

"Natafuta kuni. Na wewe?"

"Nampeleka huyu kwenye mtandao. Anasubiri habari za kazi."

Wakasimama. Sheria iliwaruhusu wote wawili kuingia popote. Hakuna aliyesogea hata unyoya. Kisha jirani akasema mnarani huenda kuna kuni, mama akasema ni njia moja, na tukapanda wote watatu mpaka kwenye kile kipara. Tukakaa kwenye kokoto. Jua likatoka. Kuni hakukuwa na hata kijiti.

"Mwaka huu uyoga hamna," akasema jirani.

"Hamna kabisa," mama akasema.

Kitenge cha jirani kilikuwa kimetuna upande mmoja na kilikuwa kinanuka mvua ya kwanza. Nilishika simu yangu, ukurasa ukafunguka, hakuna aliyeniita. Hatimaye jirani, ambaye kwa vyovyote alikuwa na mzigo wa kufikisha nyumbani kabla haujanyauka, akainuka na kujikung'uta.

"Haya, tushuke."

"Mwanangu, shuka na jirani yako," mama akasema. "Msindikize, njia inateleza. Mimi nabaki kidogo, naangalia mtandao."

Akatoa kitochi chake, kile kisicho na kioo cha kugusa wala intaneti, ambacho betri yake imefungwa kwa mpira, akakiinua kuelekea angani kwa makini ya mtu anayesubiri barua kutoka ng'ambo. Jirani alimtazama. Alinitazama mimi. Alijua, na alijua kwamba ninajua, lakini hakuwa na namna ya kusema anakataa kusindikizwa.

Tulianza kuteremka, mimi mbele. Jirani alikuwa na mwendo mkali, wa mtu anayetaka kufika penye kona ili ageuke aone mama anakata upande gani. Ndipo nikaelewa. Nikasimama katikati ya njia nyembamba, mbele yake kabisa, nikainama.

"Samahani, mama. Kamba ya kiatu imefunguka."

Nikaifunga polepole. Halafu nikaanza na ya pili.